Saada ya Mtu na Njia ya Kudumu Nayo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake akawagawanyia riziki na hali mbali mbali, na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Hapana mtu, mkubwa wala mdogo, tajiri wala maskini, illa ataka saada. Baharia atwekaye tanga kwa pepo za kusi, mwenye duka afunguaye mlango kabla ya jua kuchomoza, mwanafunzi akaaye mbele ya mwalimu wake, hata mwizi atokaye usiku, wote hao wakiulizwa watakalo, watajibu jambo moja kwa maneno mbali mbali: wataka moyo utulie. Wametafautiana katika njia, hawakutafautiana katika kitakwacho. Na kwa hivyo mwenye kukosea katika mlango huu hakukosea jambo moja. Amekosea safari nzima, mfano wa nahodha aliyekosea nyota tangu usiku wa kwanza: killa apatapo upepo mzuri, ndipo azidipo kwenda mbali na bandari.

Katika Kiswahili mna maneno matatu ambayo watu aghlabu huyachanganya, nayo ni raha, furaha na saada. Raha ni ya mwili: mwenye kuchoka akalala, mwenye njaa akala, mwenye joto akapata kivuli cha mwembe. Hiyo hata mnyama anayo, na pengine mnyama humshinda mtu kwayo, maana ng'ombe akiisha kushiba hafikiri malisho ya kesho. Furaha ni ya moyo, walakini ni ya saa. Huja kwa khabari njema na huondoka kwa khabari nyengine, na mara nyingi huondoka yenyewe bila ya sababu, kwa kuwa mtu amekizoea kilichomfurahisha. Ama saada ni hali ikaayo ndani ya mtu, iwapo ana raha au ana taabu, awe anacheka au analia. Mtu aweza kulia juu ya kaburi la mwanawe naye ni mwenye saada, na aweza kucheka katika karamu naye ni katika watu wa mashaka makubwa.

Na katika Qurani Tukufu neno hili la saada halikutajwa kwa asili yake ya Kiarabu illa katika Sura ya Hud peke yake, aya ya 105 na aya ya 108, na mahala pote pawili ni katika khabari za Siku ya Kiyama, watu watakapogawanyika mafungu mawili, mwenye mashaka na mwenye saada. Hii ni ishara kubwa kwa mwenye kufahamu. Mizani ya saada haisimami hapa, yafika huko. Mfanya biashara hahisabu faida yake jahazi lingali baharini, hata likiwa limejaa shehena, bali hungoja hata lifunge gati.

Wala hayo si kusema ya kuwa duniani hamna saada kabisa, kama wasemavyo baadhi ya watu wenye kukunja nyuso, waonao ya kuwa dini ni huzuni na ucha Mungu ni kununa. Mwenyezi Mungu amewaahidi wenye kuamini na kutenda mema, wanaume kwa wanawake, maisha mazuri kabla ya malipo ya Akhera, nayo ni katika Sura ya Nahl aya ya 97. Wanavyuoni wa tafsiri wameyaeleza maisha mazuri hayo kwa njia mbali mbali. Imepokewa kwa Sayyidna Ali ya kuwa ni kukinai. Na kwa Ibn Abbas imepokewa ya kuwa ni riziki ya halali, na katika mapokezi mengine ya kuwa ndiyo saada yenyewe. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas, amehisabu katika saada ya mwanadamu mke mwema, na nyumba njema, na kipando chema. Basi atakayesema ya kuwa nyumba yenye nafasi na chombo kizuri cha kusafiria ni vitu vya kuchukiwa, huyo amejifanya mcha Mungu kupita Mtume.

Ugonjwa hauko katika kuwa navyo. Ugonjwa ni katika mtu kuviweka mahala pasipo pake. Qarun alikuwa na hazina ambazo funguo zake ziliwalemea watu wenye nguvu kuzichukua, na jamaa zake walimkataza asifurahi, na wakamwambia ya kuwa Mungu hawapendi wenye kufurahi furaha ya namna ile. Walakini katika Sura ya Yunus aya ya 58 Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wafurahi kwa fadhila yake na rehema yake, akasema ya kuwa hiyo ni bora kuliko vile wavikusanyavyo. Furaha imekatazwa mahala na imeamrishwa mahala. Qarun alifurahi kwa sababu aliona ya kuwa mali ile ni kwa ilimu yake mwenyewe, na muumini hufurahi kwa sababu ajua mkono uliompa. Na ajabu kubwa katika kisa kile si Qarun; ni wale waliokuwa wakimtazama akipita katika pambo lake, wakatamani wangekuwa yeye. Ardhi ilipomdidimiza pamoja na nyumba yake, wale wale waliotamani jana waliamka wakimshukuru Mungu ya kuwa hawakupewa walichokiomba. Ni watu wangapi leo wanaolala na chuki juu ya jirani, na lau wangelifunuliwa yaliyo ndani ya nyumba ile, wangelisema kama walivyosema wale.

Mfano mkubwa wa jambo hili katika wanavyuoni wa madhhab ya Imam Shafii ni Hujjatul Islam Abu Hamid Muhammad al-Ghazali. Alizaliwa katika mji wa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Alisoma kwa Imamul Haramayn al-Juwayni mjini Nishapur mpaka shekhe wake huyo alipofariki mwaka 478 (1085), kisha Waziri Nizamul Mulk akamtukuza, na mwaka 484 (1091) akampa ualimu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, naye yungali katika umri wa miaka thalathini na kitu. Hapakuwa na cheo cha ilimu kilichotamaniwa zaidi ya hicho. Wanafunzi mia tatu walikuwa wakikaa mbele yake. Katika fiqhi alitunga al-Wasit na al-Wajiz, na hiyo al-Wajiz ndiyo aliyoisherehesha Imam Rafii, na sherehe hiyo akaifupisha Imam Nawawi akaiita Rawdha. Basi killa asomaye fiqhi ya Shafii pwani hii, ajue asijue, hunywa maji ya mto uliopita kwa Ghazali. Mali alikuwa nayo, jaha alikuwa nayo, na maneno yake yalisikizwa na wafalme.

Na katikati ya hayo yote moyo wake ulikuwa haukutulia. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh ya kuwa aliitazama nia yake katika kusomesha, akaiona haikuwa safi kwa ajili ya Mungu, bali kilichomsukuma ni kutaka jaha na kuenea jina. Akaona yuko juu ya ukingo wa shimo. Basi killa asubuhi alikata shauri kuondoka, na killa jioni shauri likavunjika. Hali hiyo ilianza mwezi wa Rajab mwaka 488 (1095) ikadumu karibu na miezi sita, mpaka ulimi wake ukafungwa: alikuwa akijilazimisha kusomesha siku moja ili kuwaridhi wanafunzi, na neno halitoki. Kisha chakula kikawa hakimpiti wala maji hayashuki, na matabibu wakakata tamaa, wakasema ya kuwa jambo limeshuka katika moyo ndilo lililoharibu mwili, wala hapana dawa mpaka moyo upumzike na hamu yake.

Na hapa yafaa msomaji asimame kidogo. Mtu huyu hakukosa kitu katika vile ambavyo watu wa killa zama hudhani ya kuwa vikipatikana wamepata saada. Wala hakuwa jahili. Ilimu ya nini halali na nini haramu alikuwa nayo kuliko watu wa zama zake. Wala hakuwa akifanya kazi mbaya, maana kusomesha sharia ni katika kazi bora kabisa. Na juu ya hayo yote hakuweza kumeza tonge. Basi saada haiko katika mali, wala katika cheo, wala katika ilimu ikiwa peke yake, wala hata katika amali njema ambayo moyo wake umeelekea kwengine.

Alitoka Baghdad katika mwaka ule ule. Watu aliwadhihirishia ya kuwa aenda Makka, na katika nafsi yake alikuwa akikusudia Sham, kwa kuogopa wakubwa wasimzuie. Aligawanya mali aliyokuwa nayo, asiweke illa kiasi cha kumtosha na chakula cha watoto wake. (Na hili nalo ni la kutazamwa: hakuwaacha watoto na njaa akaita jambo hilo tawakkul, kama wafanyavyo wengine.) Alikaa Dimishki karibu na miaka miwili, akipanda juu ya mnara wa msikiti na kujifungia mlango mchana kutwa. Kisha akenda Baitul Muqaddas, kisha akazuru Makka na Madina, kisha hamu ya watoto ikamvuta kurejea kwao. Na katika mwaka 499 (1106) alirejea kusomesha, mjini Nishapur. Kazi ni ile ile aliyoikimbia, walakini asema ya kuwa, ijapokuwa amerejea katika kueneza ilimu, yeye hakurejea. Maana hapo kwanza alikuwa akiieneza ilimu ipatishayo jaha, na sasa ailingania ilimu ambayo kwayo jaha huachwa. Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Katika miaka hiyo ya baadaye aliandika kwa Kifursi, ili wasiojua Kiarabu wapate kufahamu, kitabu alichokiita Kimiya ya Saada. Kimiya ni ile kazi waliyokuwa wakiidai watu wa zamani ya kugeuza shaba kuwa dhahabu, nao wengi walipoteza umri na mali yao katika moshi. Yeye alikusudia kimiya ya kugeuza moyo. Na msingi aliouweka ni mwepesi kuufahamu: saada ya killa kitu ni katika kile kilichoumbiwa. Jicho saada yake ni kuona sura nzuri, na sikio ni sauti nzuri, na moyo umeumbiwa kumjua Mungu, basi hautulii kwa kitu kingine. Mtu akijuana na waziri hufurahi, na akijuana na mfalme hufurahi zaidi. Je, amjuaye Mfalme wa wafalme? Na killa ladha ya mwili hukatika kwa mauti kwa sababu chombo chake kimevunjika, na ladha hii huzidi kwa mauti kwa kuwa pazia limeondoka. Na hayo ndiyo yaliyo katika Sura ya Raad aya ya 28, ya kuwa nyoyo hutulia kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Na kinyume chake ni katika Sura ya Taha aya ya 124, ya kuwa mwenye kuupa kisogo utajo wake ana maisha ya dhiki, wala haikusemwa ya kuwa atakuwa maskini. Dhiki ya moyo yaingia katika nyumba ya ghorofa kama iingiavyo katika kibanda cha makuti.

Tena amempigia mtu mfano wa mji. Viungo ni mafundi wa mji, na matamanio ni mtoza kodi, na hasira ni askari wa mji, na akili ni waziri, na moyo ni mfalme. Mtoza kodi ni muongo na mlafi, apenda kuchukua kilicho chote. Na askari ni mkali, apenda kupiga. Hata hivyo mji hausimami bila ya wao wawili, kwa maana bila ya matamanio mtu hatokula wala hataoa, na bila ya hasira hataulinda mwili wake wala dini yake. Mfalme akishauriana na waziri, akawaweka hao wawili chini ya amri, mji hukaa vyema. Na waziri akifungwa, mfalme akawa mtumwa wa mtoza kodi, mji huharibika, hata kama masoko yake yamejaa. Basi hakutaka watu wazivunje tabia zao, alitaka wazitie adabu.

Na mfano wake mwengine wafahamika khasa na watu wa pwani. Chombo kilifika kisiwani, na nahodha akawapa abiria rukhsa washuke kwa haja zao, akawaonya wasikae sana. Wengine walimaliza haja wakarudi upesi, wakakuta chombo ki kitupu, wakachagua pahala papana. Wengine walisimama kutazama maua na kusikiza ndege na kuyastaajabia mawe ya rangi, kisha wakakumbuka wakarudi, wakapata pahala pembamba. Na wengine waliyapenda yale mawe na maua wasiweze kuyaacha, wakaja nayo chomboni pahala pasipowatosha hata wao wenyewe, wakayachukua mabegani. Na siku mbili hazikupita maua yakanyauka yakanuka, na mawe yakageuka rangi, wala hawakuona pa kuyatupa. Na wengine waliingia mwituni kabisa, nahodha akaita wasisikie, chombo kikang'oa nanga, wakaliwa na wanyama. Hakusema ya kuwa kushuka ni vibaya, maana haja ilikuwako. Wala hakusema ya kuwa maua yalikuwa mabaya. Kilichowaangamiza ni kusahau ya kuwa wana chombo.

Hayo ni maana ya saada. Ama namna ya kudumu nayo, hapo ndipo penye shida kubwa, kwa sababu wengi huionja na wachache hukaa nayo. Mtu husikia mawaidha msikitini akalia, au hukaa katika usiku wa Ramadhani moyo wake ukawa laini, akadhani ya kuwa ameokoka na dunia. Na wiki haipiti amerudi kule kule. Kisha huona ya kuwa yale yalikuwa udanganyifu, akaacha yote. Jambo hili liliwapata walio bora. Imam Muslim amepokea ya kuwa Hanzala, mmoja katika waandishi wa Mtume, alikutana na Sayyidna Abubakar akamwambia ya kuwa yeye Hanzala amekuwa mnafiki: wakiwa mbele ya Mtume huwa kama waonao Pepo na Moto kwa macho, na wakirudi kwa wake na watoto na mashamba husahau mengi. Abubakar akasema ya kuwa naye hupatwa na mfano wa hayo. Wakenda kwa Mtume, akawaambia ya kuwa lau wangelidumu katika hali ile wawayo mbele yake, malaika wangelipeana mikono nao vitandani mwao na njiani mwao. Walakini ni saa na saa, na neno hilo alilikariri mara tatu. Hakuwalaumu. Basi mwenye kutaka moyo uwe juu siku zote ataka lisilowezekana kwa mwanadamu, na kutaka huko ndiko kunakomvunja.

Kinachodumu ni amali, si ile hali ya moyo. Hali huja na kuondoka kama maji kujaa na kupwa, na mvuvi mwenye akili hamaliki wavu wake kwa kuwa maji yamekupwa. Ndiyo maana Mtume, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Bibi Aisha, amesema ya kuwa amali ipendwayo zaidi na Mungu ni ile idumuyo ijapokuwa ni kidogo. Kurasa mbili za Qurani killa baada ya alfajiri kwa miaka ishirini ni bora kuliko khitma kumi za mwezi mmoja kisha msahafu ukashika vumbi. Na hii ndiyo hekima ya uradi. Ratibu ya Imam Abdalla bin Alwi al-Haddad, aliyefariki Tarim mwaka 1132 (1720), haichukui muda mrefu kusomwa, nayo imedumu katika misikiti mingi ya pwani kwa vizazi, hali ya kuwa mambo mengi yaliyokuwa makubwa zaidi na ya kelele zaidi yamekwisha kusahauliwa.

Jambo la pili ni shukrani, na shukrani si neno la ulimi tu. Imam Ghazali katika Ihya amepiga mfano wa mfalme aliyempa mtu farasi, na furaha ya mpewa ikawa ni moja katika tatu. Ama afurahi kwa farasi mwenyewe, kwa kuwa ni mali na kipando. Na huyo hata angelimwokota nyikani furaha yake ingelikuwa ile ile, basi katika shukrani hana fungu. Ama afurahi kwa kuwa farasi ni dalili ya mfalme kumwangalia. Na huyu ameingia katika shukrani. Ama afurahi kwa sababu atampanda aende akamtumikie mfalme na kumkaribia. Na huyu ndiye mwenye shukrani timamu. Ajitazame mtu siku apewapo mtoto, au siku biashara yake ikubalipo, aone furaha yake ni ya farasi au ni ya mfalme. Maana furaha ya farasi hufa siku farasi afapo.

Na kiuacho shukrani upesi kuliko kitu chochote ni jicho. Mtume amewaamrisha watu, katika hadithi ya Muslim, wamtazame aliye chini yao wala wasimtazame aliye juu yao, kwa kuwa hivyo ni karibu zaidi na kutoidharau neema ya Mungu. Hiyo ni katika mambo ya dunia. Ama katika dini na ilimu mtu na amtazame aliye juu yake. Watu wameligeuza jambo hili kinyume. Katika dini mtu humtazama aliye mbaya kuliko yeye akajiona ni walii, na katika dunia humtazama tajiri akajiona ni fukara. Na tiba ya Mtume ni hii iliyopokewa na Tirmidhi, ya kuwa aamkaye yu salama kwa watu wake, ana afya ya mwili, na ana chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima.

Na sasa litajwe jambo moja liondoalo saada katika nyumba nyingi za pwani, nalo huingia kwa mlango wa furaha. Ni deni la arusi. Hapana haja ya kumtaja mtu, maana killa mtaa wamjua wake: ana minazi aliyorithi kwa babaye, hailipi sana walakini yatosha mboga na ada ya chuo cha watoto. Bintiye akaposwa. Akafikiri atakalosema fulani, na akakumbuka arusi ya fulani ilikuwa na siku ngapi na vyombo vingapi. Akaiweka minazi rehani. Watu walikula siku tatu, wakasifu. Siku ya nne walikuwa wanasifu arusi nyengine. Na yeye miaka inapita hawezi kupita mbele ya baraza ya mdai wake, akipita kwa njia ya nyuma, hata msikiti amebadilisha. Wahenga walisema ya kuwa kukopa arusi, kulipa matanga. Alinunua furaha ya siku tatu, na bei yake ni saada ya miaka.

Na mwenye kumkopesha mara nyengine hushurutisha naye ya kuwa nazi za minazi ile ni zake mpaka deni lilipwe. Hili katika madhhab ya Imam Shafii halifai. Mazao ya kitu kilichowekwa rehani ni ya mwenye kuweka, na mkopo ulioshurutishwa manufaa kwa mkopeshaji ni batili nao ni katika riba. Wote wawili hujiona wamefanyiana wema, na mmoja ala haramu na mwengine amlisha.

Na sharia haikumdai mtu hayo. Mahari katika madhhab ya Shafii hayana kipimo cha chini. Chochote kifaacho kuwa thamani ya kitu chafaa kuwa mahari. Walima ni sunna iliyokokotezwa, na Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi mmoja, naye Abdurrahman alikuwa mtu wa biashara. Na walima wa Bibi Safiyya, kama ilivyo katika Bukhari, haukuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi, zikawekwa tende na maziwa yaliyokaushwa na samli, watu wakala. Huyo ni bwana wa viumbe. Basi aonaye haya kuwapa wageni wali na kitoweo kimoja, na aulize haya hiyo aliitoa kwa nani.

Bibi Aisha amepokea ya kuwa Mtume alikuwa akijikinga kwa Mungu na dhambi na deni katika Sala yake, na alipoulizwa kwa nini huomba sana kinga ya deni, alijibu ya kuwa mtu akiwa na deni husema akasema uwongo, na huahidi akavunja. Hakutaja umaskini, alitaja ulimi na ahadi, yaani deni huila dini kabla ya kuila mali. Na katika hadithi ya Salama bin al-Akwaa aliyoipokea Bukhari, ililetwa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu, wala hakuacha cha kulipia, Mtume akawaambia masahaba wamsalie wao. Hapo akasimama Abu Qatada akasema ya kuwa deni lile liko juu yake, na Mtume akamsalia. Baadaye Mungu alipomfungulia nchi na mali, akawa akiwalipia wenye kufa na deni wasioacha kitu.

Kwa hivyo mwenye kuwa katika hali hiyo leo asikate tamaa wala asijifiche. Na aende barazani kwa mdai wake mchana, amwambie kiasi alichonacho, amlipe kidogo kidogo kwa mwezi, na maneno yao yaandikwe kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Baqara aya ya 282. Na mdai akimwona ni mwenye dhiki kweli, aya ya 280 yamlazimisha kumngoja mpaka apate, na kusamehe ni kheri zaidi kwake. Na jamaa wenye uwezo, ambao katika arusi walikuwa mstari wa mbele kula, wamtazame Abu Qatada. Na deni likibaki mpaka mtu akafa, lilipwe kwanza katika mali yake, kabla ya wasia na kabla ya warithi kugawana hata mnazi mmoja.

Wallahu aalam.